Koti la Papo

Hamwachi mtu apumue. Mzee kama mimi, herufi zenyewe nazijua kwa kubahatisha, mnanipa kalamu na kuniambia, "Andika habari za Zopira." Kwani waliosoma wamekwisha? Si wanajaa hapa Tarento kila majira ya baridi, wakiikimbia baridi ya Roma, wakae juani kwetu, wale asali yetu na vitunguu vyetu, kisha watunge mashairi juu ya mto wetu na kondoo wetu wanaovaa makoti? Mngewauliza hao. Ila hao hata siku moja hawajauliza makoti hayo anayashona nani. Basi nitaandika mimi, na atakayechukizwa na mwandiko wangu afumbe macho.

Zopira alizaliwa mtumwa katika nyumba ya kina Opidio, kando ya mto Galeso, kama mama yake kabla yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye shingo ngumu. Kazi yake ilikuwa kondoo wa koti. Wageni wakisikia hivyo hucheka, lakini sufu ya kondoo wetu ni laini mno, na kichaka kimoja cha miiba kinatosha kuiharibu ya mwaka mzima. Kwa hiyo kondoo huvishwa ngozi tangu utotoni, ikashonwa tumboni, ikafungwa shingoni. Hafunguliwi ila siku zake, ndani ya zizi, milango imefungwa, na hapo ndipo sufu huchanwa na kulainishwa kwa divai na mafuta ya zeituni. Kumfungua kondoo siku isiyo yake, kwetu, ni kama kumvua nguo mke wa mtu sokoni.

Mikono ya Zopira ilinuka divai na mafuta mwaka mzima. Wanaume wa shamba walimtania.

"Dada Zopira, usikae juani, utakaangika!"

"Nikikaangika nitaliwa. Wewe hata ukikaangwa, mbwa atakunusa apite."

Alikuwa na mtoto mmoja, Filaina. Baba wa mtoto aliuzwa mbali kabla mtoto hajaota jino, na Zopira hakumtaja tena. Mtoto wa mtumwa ni wa nyumba, hilo kila mtu analijua. Lakini Zopira alilijua kama mtu anavyojua kwamba kuna mwiba ndani ya kiatu chake. Hakuna hatua aliyopiga akausahau.

Ndipo zizini akazaliwa mwanakondoo, Lampro. Mama yake alikufa akimzaa, Zopira akamlea kwa maziwa ya kondoo wengine, akamlaza miguuni pake. Kondoo dume, hana pembe, mpole, na sufu yake, siku alipofunguliwa mara ya kwanza, ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyoganda.

Siku hiyo Bi Vetulia, mke wa Bwana Opidio, alikuwepo. Alikuwa na binti wa kuozwa, na alitaka vazi la arusi la sufu ya kondoo mmoja, lisilounganishwa na jingine wala kutiwa rangi. Akatumbukiza mkono ndani ya sufu ya Lampro mpaka kifundo. Furaha ilimpanda kichwani.

"Naapa kwa Mapacha Wapanda Farasi, walinzi wa mji huu," alisema mbele ya nyumba nzima. "Msimu ujao wa kunyoa, sufu hii ikitandazwa miguuni pangu haina doa, Filaina ni mtu huru."

Watu wakapiga makofi. Zopira hakupiga.

"Rudia, bibi," alisema. "Bawabu yuko mbali, hakusikia."

Bibi alicheka, akarudia. Bawabu akasikia. Jiwe la kizingiti nalo likasikia, alivyokuwa akisema Zopira baadaye.

Tangu hapo Zopira alihamia zizini. Majani makavu aliyapembua kwa mkono, mbigili usije ukajificha humo. Koti la Lampro alilishona upya, ukosi wake mwekundu, mshono wa karibu karibu kama meno ya panya.

"Mama, siku hizi Lampro ndiye mwanao," Filaina alimwambia. "Kondoo ni mimi."

"Kondoo ana adabu kuliko wewe. Nipe sindano."

Sasa, Bwana Opidio alikuwa na kesi huko Brundisi, na mkubwa mmoja wa bandari ya huko, mwenye kauli kwa mahakimu, alipenda sana sufu ya Tarento. Asubuhi moja bwana alikuja zizini. Alisimama mlangoni ili asichafue viatu.

"Yule wa ukosi mwekundu ndiye Lampro?"

"Ndiye, bwana."

"Kesho atapanda gari kwenda Brundisi. Ni zawadi. Aende na koti lake, asifunguliwe."

Zopira alidhani amesikia vibaya. "Bwana, bibi aliapa."

"Bibi aliapia sufu. Kondoo ni wangu. Mwaka mwingine atazaliwa mwingine."

Zopira aliacha ndoo pale pale ikimwagika, akaenda mpaka chumbani kwa bibi, jambo asilowahi kulifanya. Bi Vetulia alikuwa akisukwa nywele. Alimtazama kupitia kioo.

"Mambo ya Brundisi si yangu, Zopira. Kiapo changu kiko pale pale. Lete sufu, nitatimiza."

"Niilete vipi, na mwenye sufu anaondoka?"

"Unanivuruga nywele," bibi alisema, na wala hakuna aliyemgusa nywele ila kijakazi wake.

Humo zizini alikuwemo pia dume mzee, Papo, baba wa nusu ya kundi. Meno yalikwisha, sufu ilimtoka mafungumafungu, na alikuwa hai kwa sababu moja tu, kwamba Zopira hakuruhusu mtu amguse. Koti lake lilikuwa viraka vitupu vya ngozi ya mbuzi, na ukosi mrefu hadi masikioni, maana mzee huyo alikuwa mwepesi wa kukohoa.

Bwana Opidio aliwajua kondoo wake kwa makoti, kama watu wakubwa wanavyowajua binadamu kwa nguo. Na sio yeye peke yake. Mpishi, mwendesha gari, wapagazi, wote walisema "yule wa ukosi mwekundu," "yule wa viraka." Uso wa kondoo nani aliutazama? Zopira tu.

Adhuhuri, nyumba nzima imelala baada ya chakula na mbwa wamenyooka kivulini, alifunga milango ya zizi akachukua mkasi. Hakuogopa mjeledi kama alivyoogopa kumfungua kondoo siku isiyo yake. Alikata mshono wake mwenyewe. Lampro alimlamba kiganja. Alimvisha viraka, akamfunga ukosi mrefu mpaka masikioni. Kisha akamvisha Papo koti la ukosi mwekundu, akajaza majani makavu mbavuni lisipwaye.

"Unisamehe, baba," alimwambia yule mzee. "Umerudia ujana."

Hesabu yake ilikuwa hivi. Brundisi hawatafungua koti mpaka kunyoa. Kunyoa kwao ni kunyoa kwetu. Siku hiyo hiyo sufu ya Lampro itakuwa miguuni pa bibi, Filaina atakuwa ametoka mlangoni, na hapo mgongo wa Zopira utabeba utakachobebeshwa. Na Lampro ndani ya viraka yuko salama; nani atamtamani Papo? Ukimtafuna Papo, meno yako yatabaki nyamani.

Bwana mwenyewe alisimama kuliaga gari. Akampigapiga mnyama mgongoni. "Huyu ndiye kondoo!" alisema. Papo akakohoa.

Siku za kunyoa zikakaribia. Ndipo akaja mgeni, mtunga mashairi kutoka Roma. Jina lake silitaji. Ana watu wengi wa kumtajia. Alikuwa na uso laini na kicheko cha haraka, na alitaka kuonyeshwa kila kitu, mto, mizinga ya nyuki, mizeituni, mpaka akafika zizini.

"Mama mchungaji," akauliza, "kondoo hawa wakilala katika makoti yao, huota ndoto gani?"

"Huota wageni wameondoka, bwana."

Mgeni alicheka mpaka akashika ukuta. Bwana Opidio naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Asubuhi iliyofuata Zopira na Filaina walikwenda Galeso kufua makoti ya akiba. Maji yalikuwa baridi na matamu, na Filaina aliimba siku nzima.

"Nikiwa huru nitauza vitunguu bandarini," alisema. "Nitakalia kigoda changu mwenyewe. Mtu akinipa bei ya kipuuzi namwambia, ondoka, unanizibia jua."

"Mteja unamfukuza, utakula nini?"

"Vitunguu."

Zopira alicheka. Watu wachache walipata kumwona akicheka hivyo, meno yote nje.

Waliporudi jua limeinama, njaa imewashika, ua wote ulinuka nyama na bizari. Watumwa walikuwa wamekaa mlangoni pa jiko na mabakuli. Bitoni mpishi, mtu mnene aliyenunuliwa mjini, aliwaita kwa mwiko.

"Njooni, njooni! Leo mabaki ya mgeni ni mengi. Mama Filaina, shika hii ya shingo, najua wewe ni mtu wa kunyonya mifupa."

Zopira alikaa chini, akang'ata. Nyama ilimtoka mfupani yenyewe. Alinyonya uboho, akajifuta kidevu.

"Bitoni, leo hukuharibu. Huyu mbuzi wa nani, laini hivi?"

Ua mzima ukaangua kicheko.

"Mbuzi! Anasema mbuzi!" Bitoni alijipiga mapaja. "Dada yangu, huyo ni Papo wako! Mgeni kasema hawezi kuimba kondoo wa koti bila kumwonja. Bwana kasema, 'Mpe yule wa viraka, mchemshe mpaka atii.' Mimi nikaweka kuni za siku nzima. Wapi! Kidogo tu, mzee huyo kawa kama siagi. Hata mgeni kasema hajawahi kula..."

Akanyamaza, kwa sababu Zopira alikuwa amemkazia macho huku mdomo umejaa. Hakutafuna. Hakutema. Bakuli lilimteremka mapajani, mchuzi ukamwagika kwenye nguo yake, na hakusogea.

"Jamani, alikuwa mzee," mtu mmoja alisema taratibu. "Angekufa hata hivyo."

Zopira aliinuka akazunguka nyuma ya jiko. Kwenye kigingi lilining'inia koti la viraka, limelowa damu kutoka ukosini mpaka pindoni, damu imeanza kuwa nyeusi. Na pembeni yake, ngozi imetandazwa ukutani, sufu yake nje.

Nyeupe kama maziwa yaliyoganda.

Sauti iliyomtoka, wale waliokuwepo walisema hawajapata kuisikia kwa mtu wala kwa mnyama. Filaina alikuja mbio, bakuli lake bado mkononi.

"Mama, ni Papo tu. Mama, alikuwa kizee..."

"Si Papo."

Filaina alitazama ngozi. Alitazama koti. Hakuwa ameambiwa lolote. Zopira hakutaka mtoto awe na kitu cha kuulizwa. Sasa mama alimwambia kwa maneno machache, na kila neno lilipoingia uso wa binti ulizidi kupauka. Mwisho alilitazama bakuli lake. Lilikuwa tupu, limelambwa.

"Mama," alisema. "Tumemla."

Akaenda ukutani akatapika.

Zopira alibaki amesimama mbele ya ngozi. Aliinyoosha mikono yake, si kwa kufikiri, ni mazoea, akaipitisha ndani ya sufu shingoni, tumboni, mapajani, kama alivyofanya kila siku ya kufungua. Kisha akaanza tena, polepole. Halafu akaita.

"Bitoni! Ulimchinja vipi huyu?"

Bitoni alitokea, amenywea. "Kama wanavyochinjwa wote, dada."

"Na koti?"

"Koti alikuwa nalo. Nani ampotezee muda kizee kumvua? Nilimvua baadaye."

Damu yote ilikuwa juu ya koti. Ule ukosi mrefu wa mzee mwenye kikohozi uliipokea, ngozi ya mbuzi ikaibeba. Hapakuwa na tone hata moja katika sufu ya Lampro.

Zopira aliiangua ngozi ukutani, akaitupia begani.

Filaina alimshika nguo. "Unakwenda wapi? Mama, watakuua!"

"Wameshaniua, na vidole nimelamba. Sasa niache nikachukue changu."

Aliingia ukumbini kupitia mlango wa mbele, ambao watumwa wa zizi hawaupiti. Walikuwa bado mezani. Mgeni alikuwa amesimama na kikombe mkononi, anawasomea beti alizozitunga mchana ule, kondoo wanasinzia kando ya mto, wamefunikwa kama watoto wachanga, na hakuna kelele duniani. Zopira alimpita. Akaitandaza ngozi chini, miguuni pa Bi Vetulia, akaivuta pembe nne ikanyooka.

"Tafuta doa, bibi," alisema.

Bi Vetulia alirudisha miguu yake nyuma. "Ni nini hii?"

"Ni Lampro."

"Lampro yuko Brundisi," bwana alisema.

"Aliyeko Brundisi ni Papo, na majani makavu mbavuni. Lampro yuko hapa." Akaonyesha ngozi. "Na hapa." Akaonyesha sahani ya bwana, sahani ya mgeni, na mwisho akajigusa tumbo lake mwenyewe. "Nilibadilisha makoti."

Kijiko cha mtu kilianguka, kikagonga sakafu, na hakuna aliyekiokota. Bwana Opidio rangi ilimruka, ikarudi, ikamruka tena. Alikuwa amempelekea mkubwa wa Brundisi kibogoyo, na kondoo bora wa Tarento yote amemla kwa bizari.

Mgeni ndiye aliyeanza. Alicheka. Alicheka akiwa na kikombe mkononi mpaka divai ikamwagikia kifuani, akasema, "Opidio, ndugu yangu, Roma nzima itaugua kwa kicheko!" Kisha akakiangalia kipande kilichobaki sahanini pake, akakila.

"Apigwe," bwana alisema. Sauti haikumtoka vizuri. "Apigwe mpaka..."

"Ngoja," Bi Vetulia alisema.

Alikuwa amepiga magoti. Mtumwa hajapata kumwona bibi yule akipiga magoti. Alitumbukiza mikono katika sufu, akaipekua kwa vidole kama mtu atafutaye sindano, na machozi yakimtiririka, sijui ya Lampro, sijui ya hofu. Mapacha hao, walinzi wa mabaharia, si miungu ya kuchezewa. Meli ngapi za waongo ziko chini ya maji nje ya bandari yetu? Alipekua mpaka mwisho.

"Haina," alisema kwa mnong'ono.

"Sema kwa sauti, bibi. Bawabu yuko mbali."

"Haina doa!" bibi alipiga kelele. "Filaina yuko huru! Mtoeni huyu mwanamke mbele yangu!"

"Binti amekwenda," bwana alisema. "Mama bado ni wangu."

Zopira alichapwa. Kisha akapelekwa kwenye mapipa ya zambarau, ng'ambo ya mji, kule wanakopondwa konokono wa bahari na kuachwa waoze mpaka watoe ile rangi ambayo wakubwa hujivunia. Kunuka kwake kunageuza ndege njiani. Ndiko nilikomkuta, pipa langu likipakana na lake. Mikono iliyokuwa ikinuka divai na mafuta ikawa ya zambarau hadi viwiko, na haikutakata tena. Nyama hakuigusa tena, ya kondoo wala ya kuku.

Filaina aliuza vitunguu bandarini, na kigoda alikalia chake. Kila soko likifungwa alikuja na uji wa shayiri. Wengine walikuja wameziba pua. Yeye hakuziba.

Bwana Opidio alishindwa kesi yake, na hilo lilitupa chakula cha mazungumzo kwa muda mrefu.

Miaka ikapita. Siku moja Filaina alikuja mapema kuliko kawaida, uji haupo.

"Mama, leo bandarini kuna mtu alikuwa anasoma kwa sauti. Mashairi ya yule mgeni. Yamefika mpaka kwetu. Yanatuhusu."

Zopira aliacha kukoroga. "Yanasemaje?"

"Mto upo. Asali ipo. Kondoo wamelala ndani ya makoti."

"Na mimi?"

Filaina alitikisa kichwa.

"Kuna anayelia humo?"

"Hakuna, mama. Kuna wachungaji wanapiga zumari."

"Wachungaji wanapiga zumari," Zopira alirudia. Nimemwona mwanamke yule akiungua kwa maji ya pipa na asilie, nimemwona akiwacheka wasimamizi usoni. Siku ile alikaa chini matopeni kama mtu aliyepigwa na gogo. "Lakini aliniona," alisema. "Nilisimama mbele yake, mafuta bado mdomoni. Aliniona, Filaina. Alinitazama kabisa."

Hakulizungumza tena mpaka alipokufa, majira ya baridi yaliyofuata, wakati wageni wamejaa mjini wakiota jua.

Basi nimewaandikia, na vidole vinaniuma. Sasa ni zamu yenu. Mashairi yale mnayo, mnayasoma watoto wenu wakiwasikiliza, msidhani sijui. Ukifika pale kondoo wanapolala kando ya mto, simama. Usiendelee. Sema, "Koti lilishonwa na Zopira." Sema kwa sauti, bawabu asikie. Na uanze sasa hivi, kabla hujakunja karatasi hii. Nakusubiri.